Kutundika bakteria ukutani: kutoka kitabu cha kale mpaka fremu ya sebuleni

Picha kubwa iliyo juu ya kochi yangu ni ya kimeta. Jamaa aliyekuja kufunga king'amuzi aliniuliza kama ni ramani ya reli, jirani naye akasema ni mfano wa shanga, na ukiangalia haraka haraka hawajakosea sana, ni mistari mirefu inapindapinda na ndani imejaa vitone kama shanga kwenye uzi. Sasa nikiwaambia ni bakteria, ile ya watu kula nyama ya ng'ombe aliyejifia, kila mtu anarudi nyuma hatua moja alafu anasogea tena kuangalia vizuri. Hiyo hatua ya kusogea tena ndio imenifanya nijaze nyumba.

Nimeulizwa sana natoa wapi na nafanyaje, basi wacha niandike yote hapa, pamoja na pesa nilizotupa nikijifunza.

Kwanza jua unatafuta nini

Naongea juu ya michoro ya bakteria wanaoleta magonjwa, ile iliyochorwa na mtu jicho likiwa kwenye hadubini, kuanzia karne ya 17 mpaka mwanzo wa karne ya 20. Ukitafuta mtandaoni utaletewa takataka mingi katikati. Utaletewa malaria, na malaria ni kimelea, sio bakteria. Utaletewa virusi eti "mchoro wa 1880", wakati virusi ni vidogo mno na karibu vyote vilingoja hadubini ya elektroni ya miaka ya 1930 ndio vionekane, kwa hivyo mtu akikuuzia mchoro wa homa ya virusi wa enzi ya malkia Victoria mwambie asante uende zako. Alafu utaletewa zile za Ernst Haeckel, viumbe vya baharini vyenye nyota na miiba, nzuri kweli kweli, lakini sio ugonjwa.

Kuna kitu kingine siweki ukutani kabisa, picha za wagonjwa. Vitabu vya zamani vya ukoma na kaswende vimejaa sura za watu, wengine ni watu wetu huku Afrika, na sidhani kuna aliyewauliza kama wanataka. Mdudu mchore, mtundike, hana haya. Mtu mwache.

Chagua ugonjwa, na ujue nani atauona

Hapa ndio watu wengi hukimbia na hapa ndio pa kukaa. Picha ikiwa nzuri tu bila hadithi, baada ya wiki mbili ni kama kalenda ya duka. Hizi ndizo naona zinafaa, na sababu zangu.

Ya zamani kabisa ni ya Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft kule Uholanzi. Mwaka 1683 alikwangua utando kwenye meno yake akauweka chini ya lenzi aliyosaga mwenyewe, akaona vitu vinatembea, akaandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, barua. Mchoro wake ni vijiti vichache tu, duara kadhaa, na kimoja kina mstari wa vitone kuonyesha njia kilichopita kikiogelea. Ni hiyo tu. Yeye mwenyewe hakuwa mchoraji, alikuwa analipa mtu amchoree. Kwa nyumba ndogo yenye vitu vingi hii ndio naipenda kuliko zote, haipigi kelele, na ukiikuza sana bado ni mistari safi.

Kimeta ni ya Robert Koch, 1876, wakati huo alikuwa daktari tu wa mji mdogo unaoitwa Wöllstein, hana maabara ya maana, anafanya majaribio kwake. Zile shanga ndani ya mistari ni mbegu za bakteria, na hizo ndizo zilieleza kwa nini shamba moja linaua ng'ombe miaka na miaka, juu mbegu zinakaa tu kwenye udongo zikingoja. Mtu yeyote mwenye shosho anayefuga ataelewa hiyo picha bila maneno mengi. Na kuna kichekesho hapa, Koch mwenyewe hakuwa anaiamini sana michoro, aliona kila mchoraji anachora anachotaka, ndio maana 1877 akatoa picha za kamera za bakteria, za kwanza kuchapishwa. Picha zile ni muhimu lakini ukutani zimefifia, kijivu juu ya kijivu. Michoro imeshinda.

Kipindupindu ni vijidudu vilivyopinda kama alama ya mkato, Koch aliviita hivyo hivyo, koma, alipoviona Misri na Calcutta 1883 na 1884. Ila Filippo Pacini wa Florence alikuwa ameviona 1854, miaka 30 mbele yake, na watu hawakumsikiliza. Ukipata ukurasa umejaa koma hivi ni kama mtu amemwaga alama zote za kitabu na maneno yakapotea. Mimi nimeweka choo cha wageni, juu ya sinki. Wageni wangu wananawa mikono.

Pepopunda ina umbo la kijiti cha kupigia ngoma, kichwa duara upande mmoja. Ile ya majipu ni mashada kama zabibu, na ndio maana ya jina lake, Staphylococcus, ambalo Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen, alilitoa kwa neno la Kigiriki la shada la zabibu. Hizi mbili zikiwa ndogo ndogo pamoja zinapendeza.

Tauni ndio naiona ni ya Nairobi hasa. Alexandre Yersin aliipata Hong Kong 1894, na ukiipaka rangi inakolea ncha mbili katikati ikabaki peupe, kama pini ya nepi. Miaka minane tu baadaye, 1902, tauni ikaingia hapa kwetu, mji haujamaliza hata kuwa mji, na bazaar ya Wahindi ikachomwa moto kwa amri ya serikali ili kuua ugonjwa. Mgeni akiuliza hii ni nini unamwambia hii ndio ilichomesha tao, na mazungumzo yameanza.

Sasa kifua kikuu. Hii uwe mwangalifu. Koch alitangaza bakteria wake Berlin tarehe 24 Machi 1882, ndio maana siku ya TB duniani ni hiyo tarehe. Michoro yake ni mizuri kuliko yote na nilikuwa nimeiweka mahali pa heshima, karibu na meza ya kula. Mamangu akaja kunitembelea, na mamangu amewahi kunywa zile dawa. Akaangalia, akaniuliza ni nini, nikamwambia. Akanyamaza. Alafu akasema, "Kumbe alikuwa mrembo hivi, na vile alinikojoza machungwa." Tukacheka, juu zile dawa kweli zinageuza mkojo rangi ya chungwa, lakini chakula hakumaliza, na jioni akaniambia polepole, weka huko chumbani kwako baba, si hapa mtu anakula. Nikaitoa hiyo hiyo usiku. Basi kabla ya kuchagua jiulize nani anaingia hiyo nyumba na amepitia nini. Kama ni ya kliniki ama ofisi ndio zaidi, mgonjwa anayengoja majibu hataki kuangaliwa na ugonjwa wake.

Elewa rangi kabla hujaiharibu

Bakteria wengi hawana rangi, chini ya lenzi ni kama vipande vya glasi kwenye maji. Rangi unayoona walipakwa. Na rangi inakuambia picha ni ya lini na ilitengenezwaje, ndio maana nakasirika nikiona mtu ameibadilisha ilingane na pazia.

Chukua TB. Koch alipoipaka 1882 bakteria walitoka bluu na nyama iliyowazunguka ikawa kahawia. Mwaka huo huo Paul Ehrlich akapata njia nyingine, wakina Ziehl na Neelsen wakaiboresha, na hapo ndio TB ikawa vijiti vyekundu juu ya bluu, rangi ambayo mtu wa maabara anaijua mpaka leo. Kwa hivyo ukiona vijiti vya bluu juu ya kahawia hiyo ni njia ya mwanzo kabisa, na kwangu hiyo ina thamani zaidi hata kama nyekundu inang'aa. Zile zambarau na waridi ni za Hans Christian Gram, Mdenmaki, 1884 akiwa Berlin: unapaka zambarau, unaweka ayodini, unaosha na pombe, wale wanaoshikilia rangi wanabaki zambarau na wale wanaoiachilia siku hizi hupakwa waridi juu yake.

Na kuna aina nyingine watu huisahau, sahani za makoloni, yaani bakteria wakiwa wameota kwenye chakula chao cha maabara, madoa ya njano, ya maziwa, mengine mekundu kama ukucha uliopakwa. Atlasi, yaani kitabu cha picha, ya Lehmann na Neumann iliyotoka Munich 1896 imejaa hizo, za rangi, na hata mtu asiyetaka kusikia habari ya ugonjwa atazipenda. Kama unaanza na mwenzako nyumbani ana wasiwasi, anzia hapo.

Tafuta faili nzuri, sio skrinshoti

Wellcome Collection ya London ina maelfu ya picha za tiba za zamani bure, Internet Archive ina vitabu vizima vilivyoskaniwa, Wikimedia Commons nayo iko, na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Tafuta kwa jina la Kilatini la bakteria, au kwa Kijerumani, vitabu vingi vya wakati huo ni vya Kijerumani, andika Bakteriologie na Atlas uone vile mlango unafunguka.

Kuhusu haki: kwa sheria ya Kenya mchoro unalindwa maisha ya mchoraji na miaka 50 baada ya yeye kufa. Koch alikufa 1910, hesabu mwenyewe. Lakini soma pia leseni iliyo kando ya picha, zingine wanataka tu utaje zilikotoka na zingine hawataki uuze. Kama ni ya kwako ukutani hakuna shida, kama unataka kuprinti ishirini ukauze Maasai Market soma hiyo leseni mara mbili.

Kwenye Internet Archive usichukue PDF, imebanwa na mistari inakuwa na ukungu. Daunlodi ukurasa wenyewe, faili kubwa kubwa zile za JP2 ama TIFF. Kisha angalia pikseli. Kwa A3 iliyo safi unataka kama pikseli 3,508 kwa 4,961, hiyo ni 300 kwa inchi. Faili hiyo hiyo ukiipeleka A2 inabaki kama 212 kwa inchi, na ukutani mtu akiwa mita moja na nusu haoni tofauti, hasa mchoro wa mistari. Chini ya 150 usijaribu, utapata vijiti vyenye ngazi ngazi pembeni.

Tengeneza kidogo, acha mengi

Nyoosha ukurasa kama umelala upande. Ondoa muhuri wa maktaba kama unakusumbua, mimi huacha. Usifanye karatasi iwe nyeupe pe, ile rangi ya chai ya karatasi kuukuu ndio inashikilia hizo rangi zingine, ukiitoa picha inakaa kama tangazo la sabuni. Na tafadhali usikate maandishi ya chini, ile namba ya picha na jina la bakteria. Hayo maandishi ndio yanatofautisha mchoro wa kisayansi na kitenge.

Kuprinti

Kosa langu kubwa lilikuwa hapa. Nilituma faili kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, ikabanwa, jamaa wa duka akaona imefifia akabonyeza ile kitufe ya kuboresha rangi yenyewe, alafu akakata pembeni ili ijae karatasi. Nikarudishiwa tauni ya machungwa isiyo na jina, A2 nzima, na nimeshalipa. Sitaji duka, kosa lilikuwa nusu langu.

Tangu siku hiyo naenda na flashi mkononi, na kama ni lazima nitume, natuma kama dokumenti. Nageuza iwe TIFF ama PDF ya saizi kamili kwa milimita, A3 ni 297 kwa 420, A2 ni 420 kwa 594, na namwambia mtu wa printa maneno matatu: usikate, usivute, usirekebishe. Alafu naomba kwanza kipande cha A4 cha kona moja tu ya picha kwa saizi ile ile itakayotoka kubwa. Ukilipia hicho kipande utaokoa zaidi. Mitaa ya River Road na huko chini imejaa maduka ya kuprinti, wengi kazi yao ni mabango na fulana na wana haraka, kwa hivyo usiende Jumatatu asubuhi wala wiki ya kufungua shule, nenda saa za mchana zilizopoa, mtu awe na muda wa kukusikiliza.

Karatasi chukua isiyong'aa na nzito, gramu 200 na kuendelea. Kanvasi naikataa, ile nyuzi yake inakula vistari vidogo na koma zinageuka madoa. Uliza pia wino ni gani, wino wa pigmenti unavumilia mwanga kuliko ule wa kawaida, na jua letu halina huruma.

Fremu

Fremu ndio inakula pesa, kuliko printi. Ukiwa na subira zunguka Gikomba ama Toi kwenye mitumba, fremu za mbao za picha za harusi za wazungu zinatoka huko kwa bei ya kusikitisha, unatoa bibi harusi unaweka kipindupindu. Pima kwanza uwazi wa ndani, sio wa nje, nenda na futi yako. Kama haziingiani na A3 ndio uende kwa fundi.

Kwa fundi omba kile kikaratasi kigumu cha pembezoni kinachozunguka picha ndani ya glasi, cha rangi ya maziwa, upana wa kidole nne hivi. Kinaipa picha nafasi ya kupumua, na pia kinazuia printi isiguse glasi, juu ikigusa na unyevu ukaingia zinashikana na hutaweza kuzitenganisha bila kuichana. Mbao nyembamba nyeusi ama rangi ya asili. Zile fremu za dhahabu zenye maua acha kwa picha za mzee na kofia.

Nyuma andika na penseli: ni bakteria gani, mchoro wa nani, mwaka, kitabu, ulipoutoa. Baada ya miaka mitano hutakumbuka.

Kutundika

Nyumba nyingi za kupanga hapa keateka hataki kusikia drili. Muulize kabla, na umuulize kwa ujumbe ulioandikwa, ndio siku ya kudai depositi isiwe neno lako na lake. Ukuta wa mawe uliopakwa plasta unataka drili, kile kiplastiki cha kuingia kwenye tundu, na skrubu. Msumari wa zege ukipigwa na nyundo unang'oa plasta kipande cha saizi ya chapati. Zile gundi za kubandika ndoano hushika vizuri kwenye vigae, lakini kwenye rangi ya bei rahisi zinashuka na rangi yote saa nane usiku na glasi juu ya kochi, uliza mimi.

Katikati ya picha iwe kama sentimita 145 mpaka 150 kutoka chini. Juu ya kochi acha sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wa kochi, ikipanda zaidi inakaa kama imekimbia watu. Kama ni picha kadhaa, kata magazeti saizi ya fremu zako uzibandike ukutani na selotepu uishi nazo siku mbili kabla ya kutoboa.

Usiweke mahali jua la saa tisa linapiga moja kwa moja. Na miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, kuta zinazotazama upande usioona jua hutokwa na unyevu, basi bandika nyuma ya fremu vipande viwili vya kizibo cha chupa kwenye kona za chini ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kusafisha, nyunyiza maji kwenye kitambaa, sio kwenye glasi, yasije yakateremka yakaingia chini ya fremu. Mimi nilijifunza hivyo na ile ya koma chooni, ina doa kona ya kushoto mpaka leo, na wageni wanaamini ni sehemu ya mchoro.